Sabini na Tano Kamili

Darasani walimwita Nukta. Jina hilo alilipata wiki ya kwanza ya mafunzo, siku aliyosimama kumwambia mkufunzi kwamba kwenye jedwali lililobandikwa ukutani nukta ilikuwa imeruka nafasi moja, na kwamba kama kweli milimita mia mbili na sita zilinyesha asubuhi moja ya kiangazi, basi wao wote wasingekuwa hapo kuzihesabu. Darasa liliangua kicheko. Mkufunzi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba, alisahihisha bila kuona haya, akasema, "Huyo ndiye mtu ninayemtaka." Tangu hapo jina likanata.

Mafunzo yalikuwa ya wiki nane, kwenye jengo la nyuma la idara ya hali ya hewa, chumba kirefu chenye kompyuta saba na feni moja iliyozunguka kwa kusuasua. Wanafunzi walikuwa kumi na wanne, kwa hiyo kila kompyuta ilikuwa na wenyewe wawili. Nukta aliangukia meza moja na sajenti wa kikosi cha kuzima moto, jitu la miraba minne ambalo kila mtu alilifupishia kazi na jina kwa pamoja: Zimamoto. Yeye alisema miaka yote kazi yake imekuwa kufika mambo yakiwa yameshaharibika, na sasa ameletwa hapa aonje kufika mapema.

"Ila haya majedwali," alisema, akiminya vitufe kwa kidole kimoja, "heri moshi."

Zoezi la mwisho halikuwa la kuchezea. Manispaa ilitaka kujenga wodi mpya ya wazazi kule chini karibu na daraja, maana ile ya zamani wajawazito walikuwa wanalala wawili wawili kitanda kimoja. Kabla ya kuchimba msingi walihitaji mstari wa mafuriko: juu ya mstari jenga, chini ya mstari usithubutu. Idara ilikubali kazi hiyo ifanywe na darasa, mkufunzi akisimamia. Walipaswa kuchukua kumbukumbu za mvua za kituo cha pampu ya maji, kilichokuwa jirani na eneo lile, wakokotoe ukubwa wa mvua inayoweza kuja mara moja katika miaka hamsini, kisha waone kwenye ramani maji yake yatafika wapi. Ijumaa mhandisi wa manispaa angekuja kuuchukua mstari wake.

Mkufunzi alipofungua kumbukumbu hizo mbele ya darasa, sauti yake ilibadilika kama mtu anayewaonyesha wageni sebule yake.

"Miaka kumi na tisa," alisema. "Haijaruka hata siku moja. Nina vituo arobaini, vingine msomaji akienda harusini mvua nayo inaenda harusini. Hiki kimoja tu ndicho sijawahi kukikuta na pengo. Nimekifundishia miaka sita. Huyu msomaji angekuwa hai ningempigia saluti."

"Yuko hai, mwalimu," Nukta alisema. "Ni baba yangu."

Vichwa vyote viligeuka. Mkufunzi alivaa miwani, akamtazama upya, kisha kweli akanyoosha mkono kwenye paji la uso akapiga saluti, na Nukta akainamisha kichwa kwa furaha. Hakuwa amekuja kwenye mafunzo haya kwa bahati. Alikuwa amekuja kwa sababu ya daftari za baba yake.

Baba huyo alikuwa mlinzi wa pampu, si mtu wa hali ya hewa. Kipimamvua alikabidhiwa tu kwa kuwa kilifungwa uani kwake. Lakini alikipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa mwenzake. Saa tatu kamili asubuhi, jua liwe limewaka au homa iwe imempiga, alitoka na daftari lake na bilauri ya kupimia. Siku ndugu yake alipofariki, gari la kwenda msibani lilimsubiri mpaka saa tatu na dakika tano. Majirani walimwita Bwana Mvua, na kina mama wakawa wanamuuliza kutoka upande wa pili wa ukuta kama waanike nguo. Naye aliwajibu jibu lilelile: "Mimi napima iliyokwisha kunyesha. Ya kesho muulizeni mwenyewe." Sasa alikuwa amestaafu, na kila jioni Nukta akirudi, swali la kwanza lilikuwa: "Kituo chetu leo wamekisemaje?"

Jumanne, siku tatu kabla ya mhandisi kuja, Nukta alizipanga siku zote za miaka kumi na tisa kuanzia yenye mvua kubwa kwenda yenye mvua ndogo. Zimamoto alikuwa amevuta kiti karibu, anatafuna kashata bila aibu.

"Hii mvua ya kwenu ina adabu," alisema.

"Kivipi?"

"Tazama. Sabini na tano. Sabini na tano. Sabini na tano. Ikifika hapo inasimama, kama imeambiwa na mama yake."

Nukta alicheka. Kisha kicheko kikamkatikia mdomoni. Alihesabu. Mara tisa katika miaka kumi na tisa, mvua kubwa kuliko zote ilikuwa sabini na tano nukta sifuri, wala haikuzidi hata kwa sehemu ya kumi. Chini yake ilifuata sabini na moja nukta nne, kisha sitini na nane nukta tisa, namba zenye sura ya mvua. Hizo tisa za juu zilikuwa na sura ya kitu kingine.

Wakati wa chakula cha mchana aliteremka uani, mahali kilipofungwa kipimamvua cha kufundishia. Zimamoto alimfuata na ndoo. Chombo chenyewe hakina makuu: kopo la bati, juu yake faneli, na ndani ya kopo chupa inayopokea maji ya faneli. Nukta alimwaga maji taratibu. Chupa ilijaa, akaitoa, akaipima kwenye bilauri. Sabini na tano kamili. Akairudisha ikiwa imejaa, akamwaga tena. Maji yalifurika mdomo wa chupa, yakateremka kimyakimya kwenye kopo la nje.

"Na haya ya nje?" Zimamoto aliuliza.

"Haya nayo yanapimwa. Unayajumlisha na ya chupa. Ndiyo kazi ya kopo."

"Sasa baba alikuwa anayapeleka wapi?"

Nukta alijua. Alikuwa anaona jagi la plastiki la bluu. Asubuhi za mvua kubwa baba yake aliingia jikoni na kopo lile, akalimimina kwenye jagi, akalifuta ndani kwa kitambaa mpaka likang'aa, akasema, "Mama, maji laini hayo." Naye mama yake akamwita, akamkalisha kwenye kigoda, akamwosha nywele.

Mkufunzi alisikiliza hadithi yote akiwa amesimama. Ilipofika kwenye nywele, alikaa. Mezani kwake palikuwa na rundo la vitini vya kozi, na kwenye jalada la kila kimoja palikuwa na grafu ya kituo cha pampu, safi, isiyo na pengo.

"Miaka sita," alisema. "Na macho haya mawili."

"Tufanyeje, mwalimu?"

"Tukitumia zilivyo, mvua ya miaka hamsini inatoka milimita themanini na tatu, ileile tuliyomtumia mhandisi wiki iliyopita kama makadirio. Wodi inabaki juu ya mstari, hatua chache tu lakini juu. Ikiwa ulichoniambia ni kweli..." Alivuta droo, akatoa karatasi. "Hii ni fomu ya marekebisho. Kama msomaji yuko hai, yeye mwenyewe ndiye anayeeleza alivyokuwa anasoma, anatia sahihi. Bila hiyo, kumbukumbu inasimama kama ilivyoandikwa. Siwezi kuandika kwenye jalada la serikali kwamba mtu alikosea kwa sababu binti yake anakumbuka alivyooshwa nywele."

"Nikimwambia, itamuua."

"Sijui kama itamuua," mkufunzi alisema polepole. "Wewe unamjua. Mimi nawajua wanaojenga."

Usiku ule Nukta hakupeleka fomu. Swali la kituo chetu lilipokuja, alisema wamekisifu, na hakusema uongo. Jumatano alasiri alijikaza, akaitoa karatasi kwenye mkoba. Baba yake alikuwa barazani na redio yake imefunguliwa tumbo, anatafuta waya uliokatika. Mama alikuwa karibu naye anakunja nguo.

"Baba, nikuulize. Kile kipimamvua. Chupa ikijaa ikafurika, ulikuwa unafanyaje?"

"Chupa ikijaa ni sabini na tano," baba alijibu bila kuinua macho. "Hata ukiniamsha usingizini."

"Na yaliyomwagikia kwenye kopo?"

"Hayo si yamemwagika? Mvua ni ile iliyoingia chupani. Kopo ni nyumba ya chupa tu, lisipigwe na jua. Fundi aliyelifunga aliniambia, mzee, chunga kopo lisishike kutu. Basi sikuliachia tone. Muulize mama yako kama liliwahi kushika kutu."

"Halikushika," mama alisema.

"Huyo fundi alikaa na wewe muda gani?"

"Alikuwa na pikipiki, ana vituo vingine. Kama dakika ishirini." Sasa aliinua macho. "Kwani vipi, mama?" Alimwita hivyo tangu mdogo, kwa kuwa alibeba jina la bibi yake, mama mzazi wa baba.

Nukta alimweleza. Alijitahidi kutumia maneno madogo, lakini maneno madogo nayo yana uzito. Alisema kopo lilikuwa linapokea ziada. Alisema ziada ilipaswa kujumlishwa. Alisema siku tisa. Baba alisikiliza huku bisibisi imesimama mkononi, na Nukta aliona uso wake ukijifunga kidogo kidogo, kama duka linalofungwa mlango mmoja mmoja.

"Unasema nilikuwa nadanganya."

"Hapana, baba. Ulikuwa unaandika ulichofundishwa."

"Kama nilikuwa sidanganyi, na nilichoandika si kweli, basi mimi nilikuwa nafanya nini pale uani miaka kumi na tisa? Nilikuwa nacheza?"

"Mzee," mama alisema kwa upole, "mtoto hajasema hivyo."

"Nimemsikia alivyosema."

Mama alikunja shuka, akalikunjua tena. "Ule mwaka daraja lilipozama," alisema kana kwamba anaongea na shuka, "jagi lilijaa. Nakumbuka kwa sababu nilimwambia leo umeniletea mto."

Baba alimgeukia kwa macho ambayo Nukta hakuwahi kumwona akimtazama nayo. Akashusha bisibisi. "Hiyo karatasi iweke hapo," alisema, akaingia ndani, na redio akaiacha tumbo wazi.

Alhamisi asubuhi karatasi ilikuwa palepale, chini ya bisibisi, haina wino. Kabla ya kuondoka Nukta alilipima jagi la bluu, ambalo bado lilikuwepo jikoni limepauka: lita moja barabara. Darasani alilifanyia hesabu. Kwa upana wa mdomo wa kipimamvua kile, lita moja ni karibu milimita themanini. Ukiongeza sabini na tano za chupa, mvua ile ya mwaka daraja lilipozama ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ilivyoandikwa. Alichora mstari mpya kwenye ramani kwa penseli, kwa kugusa tu. Ulipanda kutoka mtoni, ukavuka barabara, ukaimeza wodi yote pamoja na uwanja wa magari ya wagonjwa.

Zimamoto aliutazama mstari ule bila utani.

"Mwaka ule nilikuwa darajani," alisema. "Maji yamenifika hapa." Aligusa kifua, na kifua chake kilikuwa juu kuliko vichwa vya watu wengi. "Tulitoa watu mapaani. Nilipokuja hapa nikaona imeandikwa sabini na tano, nikasema mbona ndogo. Lakini nani atabishana na karatasi?"

"Mkufunzi amesema jagi haliwezi kuingia kwenye kumbukumbu. Bila sahihi ya baba hatuna kitu."

"Nimesikia."

"Hajanisemesha tangu jana."

Zimamoto alifuta makombo mezani, hata yasiyokuwepo. "Sikia, dada yangu. Kesho ukinyamaza na mimi nitanyamaza. Si baba yangu, na sitakwenda kumvunjia mzee heshima mbele ya watu. Ila siku mvua ile ikirudi, simu inapigwa kwetu. Nitakwenda mimi, na mle ndani kutakuwa na akina mama ambao hawawezi kukimbia. Sikutishi. Nakwambia tu simu inalia wapi."

Ijumaa Nukta aliamka amechoka kama aliyelala juu ya mawe. Alikuwa ameamua kusema bila fomu, na alijua mhandisi atamcheka, na alijua pia hata akichekwa baba yake atakuwa ameshaaibishwa bure. Alitoka chumbani akamkuta baba yake amesimama mlangoni, amevaa shati la kazini lililopigwa pasi, kalamu mfukoni.

"Twende," alisema.

"Baba, unaweza kusaini hapa, nitaipeleka mimi."

"Daftari zangu nilikuwa napeleka mwenyewe."

Ofisini mkufunzi alimpokea kwa mikono miwili, akamwamkia, akamvutia kiti, akaanza kusema kwa haraka ya mtu mwenye huruma. Alisema si kosa lake. Alisema idara ndiyo iliyomtuma fundi wa dakika ishirini, idara ndiyo iliyopokea daftari miaka kumi na tisa isione kitu, yeye mwenyewe na elimu yake hakuona.

"Mwalimu," mzee alimkatiza. "Hayo yote yaandike kwako. Lakini aliyekuwa anamwaga ni mimi. Ukisema si kosa langu, ina maana hata zile siku nyingine zote sikuwa mimi. Hili niachie."

Mkufunzi alisogeza rundo la vitini pembeni, fomu ikapata nafasi mezani. Mzee aliandika kwa mwandiko wake wa daftari, herufi zimesimama wima. Aliandika kwamba chupa alipima, kopo hakupima, na kwamba aliyeagizwa kulichunga kopo alilichunga. Kwenye nafasi ya tarehe zilizoathirika aliorodhesha siku zote tisa bila kutazama popote. Kisha akatia sahihi, akauliza kama anaweza kukaa nyuma ya darasa.

Mhandisi wa manispaa alifika saa nne, kijana mwerevu mwenye haraka, na mchoro wa wodi umeviringishwa kwapani. Nukta alisimama mbele. Alisema kumbukumbu za kituo zina siku tisa ambazo tunajua tu kwamba mvua haikuwa chini ya sabini na tano. Ni ngapi zaidi, hatujui. Kwa hiyo mstari wa zamani hauwezi kutumika, na eneo la wodi haliwezi kuthibitishwa kuwa salama.

"Nipe namba moja," mhandisi alisema. "Sijengi kwa 'hatujui'."

"Namba moja sina."

"Wiki iliyopita mlinitumia themanini na tatu."

"Ilikuwa makosa."

"Makosa ya nani?"

Nukta alifungua mdomo, lakini kiti cha nyuma kilikwaruza sakafu, na hakuhitaji kutazama.

"Yangu," baba yake alisema. "Mimi ndiye msomaji."

Mhandisi alimtazama mzee yule na shati lake lililopigwa pasi, na Nukta akaona alichokuwa anataka kusema kikimpita usoni kikapotea. Aliufungua mchoro wake juu ya meza, akaulinganisha na ramani, akabaki ameinama juu yake.

"Unajua maana yake?" alimuuliza Nukta, safari hii si kwa ukali. "Kutafuta kiwanja kingine, kupima upya, kupitisha upya. Mwaka mzima, labda na nusu. Wale akina mama wataendelea kulala wawili wawili. Nitawaambia nini?"

Nukta alikuwa ameliwaza hilo. Siku zote aliamini kwamba ukiusema ukweli kuna mtu atafaidika siku hiyohiyo. "Waambie tulikuwa hatujui," alisema, na maneno yakamtoka madogo.

Mhandisi aliviringisha mchoro wake. Mkufunzi alimpa nakala ya fomu, naye akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akaaga. Zimamoto aliinuka akamfungulia mlango, kisha akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Baba na binti walirudi kwa miguu. Jua lilikuwa kali, mtaa mkavu, mawingu hakuna. Karibu na duka la dawa mwanamke mmoja, jirani wa zamani wa kule kwenye pampu, aliwapita, akacheka: "Bwana Mvua, nianike?" Baba aliinua mkono kumsalimu, lakini lile jibu lake hakulitoa.

Walipofika kwenye kona Nukta aliomba kumbebea mzigo, lakini baba hakuwa amebeba kitu.

"Zile siku tisa," baba alisema ghafla. "Mnaweza kupata mahali pengine? Kuna mtu mwingine alipima?"

"Hapana, baba. Kituo kilikuwa chako peke yako mtaa ule."

"Kwa hiyo hatutajua ilikuwa kiasi gani."

"Hatutajua."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayepewa daftari alikague akakuta kurasa zimechanwa. Alitembea hatua kadhaa mbele yake. Nukta aliharakisha akamfikia, akamshika mkono juu kidogo ya kiwiko. Baba hakuuondoa mkono wa binti yake, wala hakuushika. Wakaendelea kutembea hivyo.